Mbio za dragi

Mbio za dragi ni mashindano ya mwendo ambamo magari mawili au pikipiki mbili husimama sambamba kwenye njia iliyonyooka, kisha huondoka kutoka hali ya kutulia kabisa hadi mstari wa mwisho. Hakuna kona, hakuna mzunguko wa pili, na hakuna kusimama kujaza mafuta. Umbali wa asili ni robo maili, yaani takriban mita 402, karibu sawa na mzunguko mmoja wa uwanja wa riadha. Mwanariadha Wayde van Niekerk wa Afrika Kusini aliuweka mzunguko huo katika rekodi ya dunia mwaka 2016 kwa sekunde 43.03. Magari makubwa ya dragi humaliza robo tatu ya umbali huo kwa muda usiofika sekunde 4.

Mchezo huu ulizaliwa Marekani na huko ndiko una mizizi mirefu. Umeenea pia Ulaya, Australia, Afrika Kusini na nchi za Ghuba ya Uajemi. Katika Afrika ya Mashariki mchezo wa magari unaojulikana zaidi ni rali, lakini teknolojia ya dragi na magari yake hufuatiliwa na vijana wengi, hasa wale wanaopenda kuongeza nguvu za magari ya Kijapani.

Jinsi mbio zinavyoendeshwa

Kabla ya kuanza, dereva hupitisha magurudumu ya nyuma kwenye sehemu yenye maji kidogo, kisha huyazungusha kwa kasi gari likiwa karibu mahali palepale. Moshi mweupe hutanda. Watazamaji hufurahia, ila kazi yake ni ya kiufundi: tairi hupata joto, uchafu hutoka, na mpira huwa laini na wenye kunata. Njia yenyewe pia hupakwa utomvu wa kunata. Mtu anayetembea juu yake anaweza kubaki peku, kiatu kikiwa kimeng'ang'ania chini.

Madereva husogea polepole hadi tairi za mbele zikate miale miwili ya mwanga iliyo mwanzoni mwa kila njia. Mbele yao kuna nguzo ya taa inayoitwa Mti wa Krismasi, ambayo ilianza kutumika mwaka 1963 badala ya mtu aliyepeperusha bendera. Taa za manjano huwaka, kisha ya kijani. Anayeondoka kabla ya kijani huwashiwa taa nyekundu na kushindwa papo hapo.

Jambo ambalo wageni wa mchezo huu hulikosea mara nyingi ni hesabu ya muda. Kuna nyakati mbili tofauti. Ya kwanza ni muda wa kuitikia taa, yaani tangu taa ya kijani hadi gari linapoachia mwale. Ya pili ni muda wa safari, tangu gari linapoachia mwale hadi mstari wa mwisho. Saa ya safari haianzi kwa taa, bali huanza gari linapotoka. Kwa hiyo gari lenye muda mzuri zaidi wa safari linaweza kushindwa. Tuseme dereva wa kwanza ameitikia kwa sekunde 0.05 na kusafiri kwa sekunde 10.00: jumla ni 10.05. Wa pili amesafiri kwa sekunde 9.90, lakini alichelewa kuitikia kwa sekunde 0.20: jumla ni 10.10. Wa kwanza ameshinda, ingawa gari lake ni zito kidogo kuliko la mwenzake.

Mashindano huwa ya mtoano. Anayeshindwa anarudi nyumbani, anayeshinda anaingia raundi inayofuata, hadi wabaki wawili.

Kuna namna nyingine inayowawezesha watu wenye magari ya kawaida kushindana, na pengine ndiyo iliyoufanya mchezo huu uwe wa wananchi na si wa matajiri peke yao. Kila dereva hutangaza mapema muda anaotarajia gari lake litatumia na kuuandika kwenye kioo. Tuseme mwenye Toyota Mark II ameandika 16.00 na mwenye Subaru ameandika 14.50. Mark II itapewa taa ya kijani sekunde 1.5 kabla ya Subaru, hivyo wote wawili wanatakiwa kufika mwisho kwa pamoja. Atakayefika kwanza anashinda, lakini akivunja muda alioutangaza mwenyewe, kwa mfano Mark II ikitumia 15.90, amepoteza. Sharti hilo huzuia udanganyifu wa kutangaza muda mrefu ili kupata upendeleo. Kinachoshindaniwa hapo ni dereva kulijua gari lake kwa usahihi wa sehemu ya mia ya sekunde.

Aina za magari

Madaraja ni mengi sana, na chama kikuu cha Marekani kina zaidi ya mia moja ukihesabu yale ya ridhaa. Matatu ndiyo yanayotajwa zaidi.

Topu Fueli ni gari jembamba lenye urefu wa zaidi ya mita 7.6, lenye magurudumu madogo mbele, makubwa nyuma, na injini iliyo nyuma ya dereva. Ndilo lenye kasi kuliko yote, na huvuka mstari likiwa na mwendo wa zaidi ya km 530 kwa saa.

Fani Kaa hutumia injini na mafuta ya aina ileile, ila injini iko mbele ya dereva na gari lote limefunikwa na bodi moja nyepesi inayofanana kidogo na gari la kuuzwa dukani. Bodi hiyo haina milango. Huinuliwa yote kama kifuniko cha sanduku. Ni fupi, hivyo ni gumu zaidi kulidhibiti.

Pro Stoki hutumia petroli ya mashindano bila kifaa cha kusukumiza hewa kwenye injini. Hufika mwisho wa robo maili kwa sekunde 6.5 hivi, likiwa na mwendo wa zaidi ya km 330 kwa saa. Mafundi wengi huliheshimu daraja hili kuliko mengine, kwa sababu nguvu yote inatokana na ustadi wa kuchonga na kupanga injini.

Injini na mafuta

Injini ya Topu Fueli ina silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la V na ujazo wa takriban lita 8.2. Muundo wake umetokana na injini ya Chrysler ya miaka ya 1960, lakini hakuna kipuri hata kimoja kilichotoka kwenye gari la kawaida. Bloku yake huchongwa kutoka kipande kimoja cha alumini. Nguvu yake hukadiriwa kuwa karibu nguvu za farasi 11,000. Gari dogo la familia linaloonekana katika barabara za Tanzania huwa na nguvu za farasi 90 hadi 150.

Siri kubwa ni mafuta. Gari halitumii petroli bali nitromethani, iliyochanganywa kwa asilimia 90 na methanoli asilimia 10. Ili kuungua vizuri, kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Nitromethani huhitaji kilo 1.7 tu, kwa sababu molekuli yake (CH₃NO₂) ina oksijeni ndani yake. Kwa ujazo uleule wa hewa inayoingia kwenye silinda, fundi anaweza kuingiza mafuta mara nane zaidi. Nitromethani ina nishati ndogo kuliko petroli kwa kila kilo, lakini wingi huo unafidia na kuzidi. Ndiyo maana gari hunywa lita 45 hadi 60 kwa safari moja, ukijumlisha kuchoma tairi na kusogea mstarini.

Kila silinda ina plagi mbili. Moto ni mkali kiasi kwamba plagi huyeyuka kabla gari halijafika mwisho, na kuanzia hapo mchanganyiko hujiwasha wenyewe kwa joto na mgandamizo, kama katika injini ya dizeli. Silinda ikishindwa kuwaka kwa wakati, mafuta hujaa ndani kama kimiminika kisichoweza kugandamizwa, na injini inaweza kupasuka.

Hakuna gia boksi ya kubadilisha gia. Nguvu hupitia klachi yenye sahani kadhaa ambazo hushikana hatua kwa hatua kadiri gari linavyokwenda. Klachi ikishika mapema mno, tairi huzunguka bure. Ikichelewa, muda unapotea. Kila baada ya mbio mafundi huifungua injini, hubadilisha pistoni na sahani za klachi, na kuifunga tena kwa muda wa saa moja hivi ili iwahi raundi inayofuata.

Tairi za nyuma hujazwa upepo kidogo sana, chini ya theluthi moja ya upepo wa tairi la gari dogo. Gari linapoondoka, kuta za tairi hujikunja na kukumbatia njia. Mwendo ukiongezeka, tairi hutanuka na kuwa refu zaidi, na kwa njia hiyo hufanya kazi kama gia ya ziada.

Mwenyeji wa Simiyu anaweza kulinganisha na mnyama wa jirani. Duma wa Serengeti hufikia km 96 kwa saa kwa muda wa sekunde 3 hivi. Topu Fueli hupita km 160 kwa saa kabla ya sekunde moja kwisha. Mwaka 2019 huko Pennsylvania, Brittany Force alimaliza mita 305 kwa sekunde 3.623. Wastani wake ni km 303 kwa saa, ukihesabu kuanzia gari likiwa limesimama.

Historia

Katika miaka ya 1930 vijana wa California ya kusini walikuwa wakipeleka magari yao yaliyorekebishwa kwenye mabonde ya maziwa yaliyokauka, hasa Muroc, ili kupima mwendo wa juu kabisa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia idadi yao iliongezeka. Wanajeshi walirudi wakiwa na ujuzi wa injini, magari ya zamani yaliuzwa kwa bei ndogo, na viwanja vya ndege vya kijeshi vilibaki wazi. Jangwani kulikuwa mbali, hivyo wengi walishindana mitaani usiku, kutoka taa moja ya barabarani hadi nyingine. Watu waliumia na kufa, magazeti yalilalamika, na polisi walikamata.

Mwaka 1950 uwanja wa kwanza wa kibiashara ulifunguliwa kwenye sehemu ya uwanja wa ndege wa Santa Ana. Mwaka 1951 Wally Parks, mhariri wa gazeti la Hot Rod, alianzisha chama cha NHRA kwa lengo la kuwatoa vijana barabarani na kuwapa mahali penye sheria, ukaguzi wa magari na gari la wagonjwa. Mashindano ya kwanza ya kitaifa ya chama hicho yalifanyika Great Bend, Kansas, mwaka 1955. Tangu mwaka 1961 mashindano hayo makubwa hufanyika Indianapolis.

Mtu aliyebadilisha sura ya mchezo kuliko wengine ni Don Garlits wa Florida. Tarehe 8 Machi 1970, mjini Long Beach, klachi na mfumo wa gia wa gari lake ulilipuka mwanzoni mwa mbio na kukata sehemu ya mguu wake wa kulia. Wakati ule dereva aliketi nyuma ya injini, miguu ikiwa karibu kabisa na klachi. Akiwa hospitalini alichora gari lenye injini nyuma ya dereva. Wengi waliamini gari la namna hiyo haliwezi kwenda sawa. Mwaka 1971 alishinda nalo, na baada ya miaka michache karibu kila timu ya Topu Fueli ilikuwa imeiga.

Shirley Muldowney alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa leseni ya kuendesha Topu Fueli, mwaka 1973, na akawa bingwa mwaka 1977, 1980 na 1982. John Force, baba yake Brittany, ametwaa ubingwa wa Fani Kaa mara 16. Mwaka 2012 Antron Brown alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa Topu Fueli, na ameutwaa tena baadaye. Dragi ni miongoni mwa michezo michache ya magari ambamo wanawake na wanaume hushindana pamoja na wanawake hutwaa ubingwa wa daraja la juu.

Ajali na usalama

Kulifikisha gari kwenye km 500 kwa saa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kulisimamisha. Breki peke yake hazitoshi, hivyo dereva hufungua miamvuli miwili nyuma ya gari. Mwishoni mwa njia huwekwa mchanga na nyavu.

Tarehe 21 Juni 2008, huko Englishtown, New Jersey, injini ya gari la Scott Kalitta ililipuka karibu na mstari wa mwisho. Moto ulizuka, miamvuli haikusaidia, na gari lilipita eneo la kusimamia bila kupunguza mwendo wa kutosha. Kalitta alifariki. Siku chache baadaye NHRA ilipunguza umbali wa Topu Fueli na Fani Kaa kutoka mita 402 hadi mita 305, ili magari yapate nafasi ndefu zaidi ya kusimama. Hatua hiyo ilitangazwa kuwa ya muda, lakini haijaondolewa. Wapenzi wa zamani walinung'unika kwamba rekodi za miaka 50 zimekatwa. Madereva wengi waliiunga mkono.

Mwaka mmoja kabla yake, Eric Medlen alifariki baada ya tairi kuharibika wakati wa majaribio Florida na kusababisha mtikisiko mkali uliomjeruhi kichwani. Baada ya hapo fremu inayomzunguka dereva iliongezwa upana na kuwekewa sponji nene zaidi. Watazamaji nao hawako salama kabisa: Februari 2010 huko Arizona tairi lilichomoka kwenye gari na kumuua mwanamke aliyekuwa akitazama.

Sheria nyingi za leo, kama vile nguo zisizoshika moto, kizimamoto cha ndani ya gari, kishikilia shingo na ukuta wa zege kila upande, zilitungwa baada ya mtu kufa.

Nje ya Marekani

Uingereza ilipata uwanja wake mkuu, Santa Pod, mwaka 1966 kwenye kiwanja cha zamani cha ndege za kivita. Afrika Kusini ina uwanja wa Tarlton karibu na Krugersdorp.

Katika Ghuba, ambako wako Waafrika Mashariki wengi, mchezo huu una fedha nyingi nyuma yake. Uwanja wa Sakhir nchini Bahrain, uliofunguliwa mwaka 2004, una njia ya dragi pembeni ya njia ya Formula 1. Timu ya Al-Anabi ya Qatar, iliyomilikiwa na Sheikh Khalid bin Hamad Al Thani, ilikwenda kushindana Marekani kwenyewe na kutwaa ubingwa wa Topu Fueli kupitia Larry Dixon mwaka 2010, Del Worsham mwaka 2011 na Shawn Langdon mwaka 2013.

Afrika ya Mashariki na Mkoa wa Simiyu

Mchezo wa magari katika Afrika ya Mashariki ulijengwa juu ya Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda rali hiyo mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Gari lililothaminiwa lilikuwa lile linalovumilia vumbi, matope na mashimo, na jambo hilo ni kinyume kabisa cha gari la dragi.

Hali ilibadilika kidogo baada ya magari yaliyotumika kutoka Japani kujaa barabarani. Toyota Mark II na Chaser, Subaru Impreza na Forester zilikuja, baadhi zikiwa na tabo, yaani kifaa kinachotumia moshi unaotoka kusukumiza hewa ndani ya injini. Injini ya 2JZ ya Toyota, yenye silinda 6 na lita 3, ina bloku ya chuma imara na inatumika katika magari ya dragi duniani kote.

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumega Mkoa wa Shinyanga, makao makuu yake yakiwa Bariadi, hauna uwanja wa dragi. Mashindano ya mwendo yanayojaza watu kandokando ya barabara Usukumani ni ya baiskeli. Lakini lami ya kutoka Lamadi kupitia Bariadi na Maswa ina sehemu ndefu zilizonyooka, na kishawishi cha kujaribu gari au pikipiki hapo ni kilekile kilichowapata vijana wa California.

Hesabu yake ni rahisi. Gari lenye mwendo wa km 100 kwa saa hupita mita 28 kwa kila sekunde. Dereva akimwona ng'ombe anavuka, sekunde moja hupotea kabla mguu haujakanyaga breki, kisha gari huhitaji mita 40 hivi kusimama kwenye lami kavu ikiwa breki na tairi ni nzima. Mwendo ukiwa maradufu, umbali wa kufunga breki huwa mara nne, si mara mbili. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania inaweka kikomo cha km 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Katika msimu wa pamba barabara hizo huwa na malori, baiskeli, matrekta na makundi ya mifugo, na hazina ukuta wala eneo la kusimamia.

Kujenga uwanja nako kuna matatizo ya mahali. Sehemu kubwa ya tambarare za Usukumani ina udongo mweusi ambao huvimba unaponyeshewa na kupasuka unapokauka, hivyo huinua na kuvunja barabara iliyojengwa juu yake bila kubadilisha udongo wa chini. Njia ya dragi haivumilii wimbi hata dogo. Pia inahitaji zaidi ya kilomita moja, kwa kuwa eneo la kusimamia kwa kawaida huwa refu kuliko lile la mbio.

Mwinuko ni suala jingine. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Bariadi iko juu zaidi. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kwa asilimia 10 au zaidi kuliko Dar es Salaam, na injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Mark II iliyoandika sekunde 16.00 pwani italazimika kuandika muda mrefu zaidi Bariadi. Injini yenye tabo hupungukiwa kidogo tu, kwa sababu fundi anaweza kuongeza msukumo wa hewa; ndivyo wanavyofanya pia mafundi wa Tarlton, ambako mwinuko ni mkubwa zaidi.